Maziwa ya Bibi Sufuria

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, naapa kwa macho yangu mawili na hata lile la tatu ambalo mke wangu husema ninalo kisogoni. Sikutia chumvi. Anayebisha na aende akamuulize shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, maana yeye ndiye aliyekuwepo. Mimi niliyasikia yote kwake, na sikio langu halijawahi kuangusha kitu njiani.

Shemeji huyo watu humwita Mama Vikopo. Kazi yake, kabla hajastaafu, ilikuwa kuyafuata maradhi mpaka nyumbani kwao. Palipotokea watoto wanaotapika na kuharisha, alifika yeye na kasha la barafu begani, ndani yake vikopo vidogo vyenye vifuniko vyekundu, akawaomba akina mama choo cha watoto wao kwa adabu ya mtu anayeomba moto kwa jirani. Wako wanaosema alikuwa akitazama nepi moja tu, akakwambia mtoto amekula nini, saa ngapi, na kwa kijiko cha nani. Huo ni uzushi. Kijiko kilikuwa kikimshinda.

Siku ninayoisimulia alifika kituo cha polisi asubuhi, kabla sakafu haijakauka maji ya deki. Inspekta alimpokea akiwa amesimama, kwa heshima, lakini uso wake ulionyesha kesi imekwisha. Akampa habari kwa ufupi. Katika kituo cha kulelea watoto kilicho nyuma ya kiwanda cha sabuni, watoto zaidi ya kumi waliugua kwa mkupuo mmoja. Walikunywa maziwa ya saa nne kama kawaida, na kesho yake usiku wakaanza kutapika, nyumba baada ya nyumba. Wengi walikuwa wanaendelea kupata nafuu. Mmoja, wa mwaka na nusu, aliishiwa maji mwilini na kufia mlangoni mwa hospitali, mgongoni kwa mama yake. Huyo mama mwenyewe ndiye Mlezi wa kituo, anayeshinda na watoto kutwa nzima. Ndiye aliyetaja jina la mpishi.

Mpishi alikuwa mahabusu. Watoto walimwita Bibi Sufuria. Siku chache kabla, Mwenye Kituo alimwambia kwamba mwisho wa mwezi ataletwa mtu mwingine jikoni, kijana. Bibi Sufuria akavua aproni mbele ya watu wote, akasema, "Mtanikumbuka."

"Mdomo uliponza kichwa," Inspekta alisema. "Ijumaa anapanda kizimbani. Kuua kwa sumu."

"Sumu gani?"

"Hiyo ndiyo nakuachia wewe, Mama."

Maziwa yaliyobaki siku ile yalikuwa yamepimwa, na sumu haikuonekana. Inspekta hakutikisika kwa hilo. Kama si sumu, alisema, basi ni vijidudu. Mtu anaweza kuokota uchafu chooni akautia kwenye sufuria. Mama Vikopo hakubishana naye. Aliomba aletewe mpishi, na aletewe pia kiti chenye kuegemea, kwa sababu mahojiano na mtu mzima juu ya benchi ni mateso kwa wote wawili.

Bibi Sufuria alikuja pekupeku, ndala zake zikiwa zimezuiliwa kaunta. Mama Vikopo akamwamkia shikamoo kabla ya swali lolote, na yule bibi akaitika marahaba kwa sauti ya mtu aliyesahau kwamba bado anastahili kuamkiwa. Hakuulizwa kama ameua. Aliulizwa anachemsha vipi. Akaeleza kwamba huyaacha maziwa yapande, huyaondoa motoni, yakishuka huyarudisha, mara tatu, na kijiko cha mbao ndani ili yasifurike. Vikombe huvisuuza kwa maji ya moto. Utando wa juu humpa mjukuu wake, ambaye huja naye kazini kwa sababu nyumbani hana wa kumwachia.

"Alikula utando siku ile?"

"Alikula, na kikombe akamaliza, na cha jirani yake akakinyemelea."

"Ameugua?"

"Mzima, mwanangu. Jana waliniletea dirishani nikamwona. Anauliza mbona nimehamia huku."

Inspekta aliyekuwa ameegemea mlango akasema kwamba hapo ndipo penyewe: nani atamtilia damu yake mwenyewe? Kikombe cha mjukuu alikiepusha. Mama Vikopo akamjibu bila kugeuka kwamba maziwa ya sufuria moja hayachagui ukoo. Kilichomo kwenye kikombe cha huyu kimo kwenye kikombe cha yule. Kisha akamuuliza bibi neno la mwisho: lile mtanikumbuka, alikuwa na maana gani?

Bibi Sufuria alitazama miguu yake. "Nilikuwa na maana watayakumbuka maziwa yangu. Hao vijana wanakoroga ya unga."

Kutoka hapo Mama Vikopo alienda maabara ya hospitali, chumba chembamba chenye jokofu linalonguruma kama mzee mwenye kikohozi. Vikopo vya watoto wote vilikuwa vimekusanywa. Mtu wa maabara, bingwa wa kutosema, alikuwa ameshavipima kwa vile vijiti vya haraka vinavyotafuta kirusi cha rota, mwuaji wa siku nyingi wa watoto wadogo. Mstari mmoja maana yake hayumo, miwili yumo. Alivipanga vijiti juu ya karatasi nyeupe. Vyote vilikuwa na mstari mmoja, isipokuwa kimoja, cha mtoto mdogo kuliko wote, wa miezi michache.

Habari hiyo ilimfikia Inspekta haraka kuliko gari lake. Alikuja akitabasamu. Rota imeonekana, akasema. Basi mpishi alichukua kinyesi cha mtoto mgonjwa akakitia kwenye maziwa, na daktari wa zamu yuko tayari kuandika hivyo.

"Ukimkuta mtu mmoja sebuleni mwa nyumba iliyoibiwa," Mama Vikopo alisema, "utamfunga kabla hujauliza kama ni mpangaji?"

Akaenda kuuliza. Mama wa yule mchanga aliishi chumba cha uani, na mtoto alikuwa amelala kifuani kwake, ananyonya usingizini, mashavu yamejaa. Hakuwa mgonjwa, na siku ile kituoni hakupelekwa. Alipata choo laini mara moja tu, mama akasikia habari za kituoni, akashika njia ya hospitali na nepi mkononi. Maziwa ya ng'ombe hajayaonja tangu azaliwe. Mama Vikopo akauliza kama amepata chanjo karibuni. Amepata, wiki iliyopita, matone ya mdomoni.

Basi. Yale matone ni kirusi chenyewe cha rota kilichokatwa makali, kimepelekwa tumboni ili mwili ujifunze sura yake. Hupita, kikafanya kazi yake, na kiasi chake kikatokea kwenye nepi. Kijiti hakina akili ya kutofautisha jambazi na mlinzi aliyevaa shati la jambazi. Mama Vikopo alimweleza Inspekta hivyo kwa simu, akiwa amesimama chini ya kamba ya nguo za watu.

"Kwa hiyo tumerudi kwenye sumu," Inspekta alisema.

"Tumerudi kwenye kutojua. Ni mahali pazuri, watu wengi wanapakimbia."

Vikopo vya wagonjwa wa kweli akavipeleka maabara kubwa, ile yenye mashine zinazosoma vinasaba vya kirusi kimoja baada ya kingine. Wakamwahidi majibu Ijumaa, siku ile ile ya kizimba. Hakukaa kuyasubiri. Alianza kuzunguka nyumba za watoto, na kila nyumba aliuliza maswali yale yale, kwa utulivu ule ule, huku akiambiwa mpishi anyongwe.

Nyumba iliyomsimamisha ilikuwa ya fundi cherehani. Binti yake alikuwa miongoni mwa walioumwa zaidi. Alikuwa amekaa chini ya meza ya kushonea, macho yameingia ndani, anakunywa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Mama Vikopo aliuliza siku ile alikunywa maziwa kiasi gani.

"Dada yangu," fundi alisema, na pini mdomoni, "huyu akipita karibu na ng'ombe tu, anajikuna. Tumbo lake halitaki maziwa tangu aache ziwa langu. Anakwenda na chupa yake ya maji na chakula nilichompikia mimi."

"Hajala cha kituoni hata kidogo?"

"Hata punje. Nimewaambia polisi. Wakaniambia pengine alionja kwa mwenzake." Akatoa pini moja, akaichomeka kwenye kitambaa. "Na kituo chenyewe nilikipenda kwa usafi. Kwingine unamchukua mtoto kama ametoka shimoni. Pale nikienda jioni namkuta uso unang'aa mpaka najiona mimi mchafu."

Mama Vikopo aliitikia kwa kichwa, akauliza kuhusu wale ambao hawakuugua. Fundi aliwajua wawili. Mmoja ni mjukuu wa mpishi, anayeondoka na bibi yake mara tu sufuria zikishaoshwa. Wa pili ni mtoto wa mlinzi wa usiku. Baba yake humchukua mchana akiamka, kwa sababu mchana ndiyo asubuhi yake. Wote wawili walikunywa maziwa. Wote wawili buheri wa afya.

Aliyekunywa hakuugua, asiyekunywa akaugua. Hapo maziwa yalitoka kwenye kesi kwa mlango wa mbele. Kilichobaki ni saa za mchana. Chochote kilichowapata watoto wale kiliwapata kati ya sufuria kuoshwa na geti kufunguliwa jioni.

Alhamisi mchana akaenda kukaa kituoni. Wazazi wachache walikuwa bado wanaleta watoto, si kwa ujasiri bali kwa sababu kiwanda hakisubiri. Mwenye Kituo, mwanamke mrefu aliyekonda kwa siku hizo chache, alimpokea mlangoni na chupa ya jeli ya mikono, ile ya spiriti, akambonyezea kabla hajasema hodi. Hapa kwetu, akasema, kila anayeingia anapaka. Mama Vikopo akapaka. Alipitisha pamba zake kwenye bomba, kwenye kitasa cha choo, kwenye sufuria iliyosafishwa, kwenye midoli. Aliinusa mikeka ya kulalia na kwa muda ikamtia shaka, kwa sababu mmoja ulikuwa na doa la matapishi lililosuguliwa bila kutoka. Lakini kila mtoto alikuwa na mkeka wake, wenye alama yake, na hakuna aliyebadilisha. Hapana, si mikeka. Akarudi kukaa kwenye kijikiti cha watoto, magoti yakimfikia kidevuni, akangoja.

Jioni ikakaribia. Nje ya geti zikasikika sauti za akina mama wa kwanza. Mwenye Kituo akapiga makofi mawili, na watoto, bila kuambiwa neno, wakajipanga ukutani. Wakainua videvu. Wakafumba macho. Mwenye Kituo akatokea jikoni na beseni la bluu lenye maji ya vuguvugu, na kitambaa kimoja cheupe, kisafi, kinanukia sabuni.

Alimfuta wa kwanza: uso, pua, mdomo, kiganja cha kulia, cha kushoto. Akakichovya kitambaa, akakikamua, akaenda kwa wa pili. Wa pili alikuwa na kitu kilichokauka pembeni mwa mdomo. Akakifuta vizuri, kwa upendo. Akachovya, akakamua. Wa tatu akainua kidevu zaidi ili asicheleweshe.

"Ishia hapo," Mama Vikopo alisema.

Mwenye Kituo alisimama, maji yakimdondokea viatuni.

"Siku ya wagonjwa mlifanya hivi?"

"Kila siku tunafanya hivi. Zamani wazazi walikuwa wananigombeza, mtoto ana kamasi, mtoto ana matope. Mlezi ndiye aliyetuokoa. Ndiye aliyeanzisha. Anao mkono mwepesi, foleni nzima anaimaliza kabla geti halijafunguka. Na haki anayo. Wake alikuwa akimfuta wa mwisho kabisa, asije akasemwa anampendelea."

Mama Vikopo aliuliza nani alikuwa mbele ya foleni siku ile. Mwenye Kituo alifikiri, akamtaja mtoto mmoja wa mwenye duka, aliyecheua baada ya kulala mchana, kidogo tu, hata mama yake hawakumsumbua kwa kumwambia. Kwa sababu ya kile cheuo ndiyo walimtanguliza: aliyechafuka zaidi huanza.

Mama Vikopo alikitia kitambaa kwenye mfuko, akafunga, akachota maji ya beseni kwenye kikopo. Akaomba na kile kilichotumika siku ile. Kilikuwa kwenye tenga la nguo chafu, kimekunjwa, kwa kuwa Mlezi ndiye hufua na Mlezi alikuwa msibani. Akawanawisha watoto waliobaki mwenyewe, bombani, mmoja mmoja, kwa sabuni, na wazazi wakawapokea wakiwa wamelowa hadi viwikoni.

Ijumaa simu ya maabara kubwa ilimkuta akiwa kaunta ya polisi, na gari la mahakamani likiwa limeshawashwa uani. Alisikiliza, akamkabidhi Inspekta simu asikilize mwenyewe. Katika vikopo vyote vya wagonjwa, kirusi kimoja: noro. Katika kitambaa cha tengani, noro huyo huyo. Kwenye sufuria, hakuna.

"Noro ndiyo nani?" Inspekta aliuliza, mkono juu ya simu.

"Mdudu wa matapishi. Chembe chache tu zinamtosha kumlaza mtoto. Spiriti ya chupa haimshughulishi. Humwondoi mpaka usugue kwa sabuni chini ya maji yanayotiririka. Na anapenda sana kitambaa cha watu wote."

Inspekta alirudisha simu. Akazikunja karatasi zake za mashtaka.

"Basi nimkamate nani?"

"Kitambaa. Ninacho hapa, kimefungwa."

Bibi Sufuria alitolewa. Alichouliza ni ndala zake tu, akazivaa, akatoka bila kugeuka nyuma. Inspekta alimsindikiza Mama Vikopo mpaka barazani, na pale, kwa sauti ya chini, akamwomba jambo. Yule Mlezi, alisema, amezika juzi. Kwa nini aambiwe? Aandikiwe tu kwamba ni maradhi ya kuambukiza, yaishie hapo.

Nyumba ya msiba ilikuwa imejaa wanawake, na Mlezi alikuwa amekaa ukutani, mikono imelala mapajani, viganja juu. Ilikuwa mikono myeupe kwa kufua. Mama Vikopo akakaa chini karibu naye, akampa pole. Mlezi akamuuliza mwanangu kafa na nini. Mama Vikopo akamshika mkono, akamwambia ni ugonjwa uliokuja na upepo, hauna mwenyewe, na hakuna mkono wa mtu ambao ungeuzuia. Mlezi akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akalegea, akalala usingizi begani kwake, na wanawake wakamshukuru Mungu. Hapo ndipo sura hii inapokwisha.

Ingekwisha. Lakini shemeji alikuja kututembelea, akazikuta kurasa hizi mezani, akazisoma mpaka mstari huo, akavua miwani.

"Shemeji," akasema, "kwingine kote nimekuachia. Hapa umedanganya."

Nikajitetea kwamba wasomaji nao wana watoto, na kwamba aliyefiwa hapigwi tena. Mke wangu naye, badala ya kunishika mkono, akaenda kusimama upande wa dada yake. Nikamtolea mji shemeji, kama aliyeshindwa kitendawili. Akaukataa mji. Nikamwambia achague mwingine, mkubwa zaidi, wenye bandari. Akasema hana haja ya bandari. Nilipe kwa kuandika yaliyokuwa. Basi nalipa.

Mlezi hakuuliza mwanawe kafa na nini. Habari ya kitambaa ilikuwa imeshafika msibani, maana mfuko wa Mama Vikopo watu waliuona. Aliuliza kwa sauti iliyosikika chumba kizima.

"Wangu nilimfuta wa mwisho. Ningemfuta wa kwanza, angeugua?"

Mama Vikopo aliona macho ya shangazi mmoja yakimwomba aseme ndiyo, angeugua tu.

"Pengine asingeugua," alisema.

Mlezi hakulia. Alikaa, akivitazama viganja vyake, muda wa kutosha wale wanawake kuanza kumlaumu mgeni kwa minong'ono. Kisha akauliza kama Bibi Sufuria ametoka. Akaambiwa ametoka. Akauliza saa. Jioni, akaambiwa, watu wanatoka kazini. Akainuka, akaanza kutafuta viatu vyake kwenye lundo la mlangoni, na shangazi akamshika nguo, mfiwa anakwenda wapi.

"Kituo cha nyuma ya karakana, mlezi wao nilimfundisha mimi," alisema. "Na kile cha ghorofani nilimfundisha mimi. Saa hizi wanajipanga."

Walikwenda wawili, Mlezi mbele, viatu vikiwa vya watu wawili tofauti, Mama Vikopo nyuma na kasha lake. Kwenye karakana walikuta geti bado limefungwa na wazazi wamejaa nje. Ndani, watoto walikuwa ukutani, videvu juu, macho wamefumba, na mlezi wao alikuwa anainama juu ya beseni. Wa kwanza alikuwa ameshafutwa. Mlezi akapenya, akamshika mwenzake kifundo cha mkono kabla hajamfikia wa pili, akakichukua kile kitambaa, na kwa sauti ya kawaida kabisa, ya kazini, akaomba aonyeshwe bomba liko wapi.